Arudishwe Tarehe Kumi na Moja

Elfu kumi na nane na mia tano.
Nimezihesabu mara tatu juu ya meza ya kuazimia,
hazikuzaa.
Nje ukungu wa Juni umekaa juu ya Newala
kama mgeni asiyejua kuaga,
na upepo wa Shimo la Mungu unaingia kwa dirisha la Historia,
lile lisilo na kioo tangu nihamie hapa.

Naandika.
Gundi: hapana, tutakoroga unga wa muhogo,
Bi Somoe ana sufuria.
Maboksi: ya sabuni, duka la Nampota, bure,
mradi nimfagilie kibaraza.
Karatasi: mifuko ya saruji ya wajenzi wa zahanati,
ikung'utwe vizuri, watoto wasije wakapiga chafya hadi Jumatatu.
Sindano ya gunia, moja. Uzi.
Soksi za vikaragosi: zangu mwenyewe,
matundu ya macho yapo tayari.
Sukari ya uji, na hapa ndipo fedha ilipokwenda,
maana hadithi ni tamu
lakini tumbo halijui kusoma.

Mkuu wangu akaipitia karatasi, akauliza,
"Na lengo?"
Nikaandika: kukuza ari ya usomaji ndani ya kaya.
Sikuandika: nataka kelele.
Miaka minne nimewaambia watu shii,
wakanitii wote,
wakabaki majumbani mwao.

Jumamosi wakaja kumi na tisa,
wakinuka salfa ya mikorosho,
watatu na wadogo zao mgongoni,
akina mama sita, na baba mmoja tu, Chihako,
aliyesema amepita kujikinga na baridi.
Kitabu cha kwanza kilishonwa pande zote nne,
hakifunguki mpaka leo.
Gundi ililiwa.
Soksi zangu zilianza kisa cha fisi na deni lake,
fisi akaanguka nyuma ya rafu,
hakuna aliyemtafuta.

Walikuwa wameuona mhuri.

Mhuri wa tarehe, mpini wa mbao,
vigurudumu vya mpira, pedi ya wino wa zambarau,
ule ninaougonga kutwa bila kuusikia.
Ko!
"Na mimi!" Ko! "Na mimi, dada!" Ko!
Mifuko ya saruji ikagongwa kurasa zote,
paji la uso la Chihako halikusalimika,
na Asumini, wa miaka sita, akanyoosha mkono,
kisha akausogeza kwenye mwanga wa dirisha, akausoma
kama mtu anayetoa mwiba:
kumi na moja… Ju… Julai.
"Ndiyo nini?"
Nikamwambia, siku hiyo lazima urudishwe.
Akafikiri.
"Nisiporudishwa?"
Faini. Shilingi hamsini kila siku.
Akauvuta upindo wa kanga ya mama yake
akaufunika mkono, isifutike.

Walipoondoka nilifagia,
nikaenda nikafagia na kibaraza cha Nampota.
Ripoti: waliohudhuria, ishirini na sita.
Vitabu vilivyoazimwa, vitatu.
Changamoto, wino.
Salio, mia mbili.
Fisi nilimkuta Jumanne, amelala na buibui.

Nami nilikwisha kusahau.
Asubuhi moja ya Julai, kufuli bado baridi mkononi,
nikamkuta mama mlangoni,
jembe huku, mtoto huku.
"Tulikuwa shamba, Kitangari," akasema.
"Wiki mbili mkono huu hauoshwi, tunagombana.
Nimekuja kumrudisha, faini sina."

Zambarau ilikuwa imebaki kivuli tu,
ile moja ya mwisho haionekani,
ila wote watatu tuliisoma.

Nikafungua. Nikazungusha vigurudumu mbele.
Ko!
Asumini akaenda moja kwa moja kwenye rafu ya chini,
akakaa sakafuni, mgongo kwa upepo.

Mama hakuondoka.
Alilitazama jembe, akalitazama dirisha,
akaliegemeza jembe kwenye Historia,
akapandisha mkono wa gauni hadi kwenye kiwiko
na kwa sauti ya chini, kama anayeomba chumvi kwa jirani:
"Na mimi?"